Baba Mkwe Yuko Juu

Kama Rockville kuna mzee wa kizungu ambaye Domina hajawahi kumkata kucha, basi huyo mzee hana vidole. Mwanamke huyu ameosha migongo ya majaji, ya walimu, na ya rubani mmoja ambaye hakumbuki tena kama aliwahi kupanda ndege. Anawageuza kitandani kama mtu anavyogeuza chapati, bila kelele, na wao wanamshukuru. Mwili wenyewe mdogo. Ukimwona kanisani utadhani kwaya imemleta awashikie mikoba.

Mimi ni mpangaji wake. Naishi besimenti, Germantown, kwenye zile nyumba za kushikana ukuta ambazo ukikosea mlango unaweza kumaliza chakula cha jirani ndiyo ushtuke kwamba mapazia si yako. Jiko la Domina liko juu ya kichwa changu. Kwa mwendo tu nakwambia nani kaamka, nani kanuna, na nani anakwenda kufungua friji wakati alisema ameshiba. Sisi Wahaya tunasifika kwa kusoma. Mimi niliacha darasa la saba ili wengine wapate nafasi, lakini masikio yangu yalistahili digrii.

Domina ni Mnyakyusa wa Kyela. Alimfuata mumewe Gwakisa huku Marekani, akaanza kwa kukunja mashuka ya hoteli, halafu akasoma kozi ya kuhudumia wagonjwa, akapata cheti, na ajensi ikampa beji yenye picha ambayo amefumba jicho moja. Tangu hapo hajapumzika. Siku hizi yuko na mzee anaitwa Walter, Rockville, kwenye nyumba ndogo ya matofali iliyojengwa enzi zile askari wametoka Vita Kuu ya Pili. Baba yake Walter alikuwa mmoja wa hao askari. Alirudi, akapata kazi ya kugawa barua, akanunua hiyo nyumba. Walter anamsimulia Domina habari hiyo kila siku ya Mungu, kama redio yenye stesheni moja. Na Domina akirudi anatusimulia sisi, jikoni, koti bado liko mwilini.

"Mtu mmoja, Method. Anagawa barua."

"Na mke?"

"Yuko nyumbani anaoka keki. Watoto wanne."

Gwakisa akauliza, "Gari walikuwa nalo?"

"Walikuwa nalo."

"Jipya?"

"Jipya."

Gwakisa akainamia ugali wake kama mtu aliyedondosha kitu humo ndani.

Usimcheke Gwakisa, hiyo kazi niachie mimi. Ana digrii ya kompyuta. Alikuwa kwenye kampuni yenye mkataba na idara moja ya serikali. Asubuhi mkataba ukakatwa, mchana akawa nyumbani na katoni yenye kikombe, chaja na ua la kwenye chungu. Sasa anapakia abiria kwenye gari lake mwenyewe, leo Columbia Heights, kesho uwanja wa ndege. Wakimuuliza zamani alikuwa akifanya kazi gani, anasema udereva. Mtoto wao Abigail yuko chuo Baltimore, analala hukohuko, na chuo kinakula kuliko Abigail mwenyewe. Kwa hiyo nyumba yote imekaa mabegani mwa Domina. Joto la nyumba anashusha yeye, mpaka nalala na soksi mikononi. Mayai anayaficha nyuma ya mtindi. Siku moja nilimkuta dukani kasimama mbele ya nyama. Anasoma bei, anaitazama nyama, anasoma bei tena, kama anayejua kwamba mmoja kati ya hao wawili anadanganya. Alinunua maharage.

Katikati ya hali hiyo ndipo akaja baba mkwe.

Tiketi ilinunuliwa mkataba ukiwa bado hai, na haikurudishwa. Mzee Festus alishuka kutoka Tukuyu na suti moja ya kahawia, Biblia, na furushi la majani ya chai ambalo watu wa forodha walilinusa mpaka wakachoka. Mjane, mzee wa kanisa, mrefu, mkimya. Gwakisa alimweka chumba cha Abigail, juu, chenye picha za waimbaji ukutani. Mzee alizigeuza zote zikatazama ukuta, kwa adabu, bila kuchana hata moja.

Sasa nawaeleza msiojua. Kwa Wanyakyusa wa namna yao, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani, hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, na jina la mzee halitoki mdomoni mwa mke huyo. Si ugomvi. Ni heshima, na jinsi mnavyozidi kukimbiana ndivyo mnavyozidi kuheshimiana. Vijana wengi wameshaacha. Lakini Domina kalelewa na bibi yake Kyela, hajaacha kitu. Mzee Festus naye hajaacha. Kule kwao ni rahisi, kuna migomba ya kujificha, kuna nyumba ya pili, kuna njia ya nyuma. Germantown kuna ngazi moja.

Ikabidi nyumba iwe na sheria za barabarani. Mzee akitaka kushuka anaimba tenzi za kanisani kwanza, kwa sauti. Domina akitaka kupanda anakohoa. Kukohoa kukigongana na tenzi, mwenye tenzi ana haki ya kupita. Domina anapika, Gwakisa au mimi tunapeleka sahani juu. Mzee akishiba anausifu ukuta: "Ndaga fijo, asante sana, samaki huyu kapikwa na mtu mwenye akili." Domina yuko chini anasikia, anatabasamu kwenye sinki.

"Shemeji," nikamwambia siku moja, "si huko Rockville unamvua Walter nguo zote?"

"Walter si baba wa mume wangu."

"Na angekuwa?"

"Ningekuwa na nyumba Rockville. Toa mkono kwenye sufuria."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi, vizuri tu, mpaka siku ya barafu.

Theluji ilianguka, halafu ikanyesha mvua, halafu baridi ikaifunga yote ikawa kioo. Mtoto wa Walter akamwambia Domina awahi kuondoka barabara zisije zikafungwa. Mzee Festus hakujua kama Domina anarudi mapema. Alikuwa ametoka nje kuishangaa theluji, mbele ya mlango, kavaa koti la Gwakisa na viatu vyake vya kanisani vya soli laini. Kasimama hapo anaigusa kwa kidole. Mara gari la Domina likakata kona.

Mzee akaliona. Akafanya lile ambalo mzee yeyote mwenye heshima zake angefanya. Akageuka haraka aingie ndani asije akaonana na mkwe. Miguu ikabaki, kichwa kikaenda.

Mimi nilikuwa nimelala. Nafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate Gaithersburg, mchana ndiyo usiku wangu. Simu ikalia.

"Method, toka nje. Mtu ameanguka mlangoni."

"Mtu gani, shemeji?"

"Mtu!"

"Mtu yupi? Maana mimi nimetoka kazini—"

"Baba yake Gwakisa! Toka!"

Nikatoka na bukta na blanketi. Mzee kalala ubavu kwenye barafu, kakunja uso, halii. Na Domina, mwenye cheti cha kuhudumia walioanguka, ambaye ajensi inamlipa hasa kwa jambo hilo, yuko ndani ya gari hatua chache tu kutoka hapo, katugeuzia mgongo, kaweka mikono kwenye usukani, kafungua dirisha kidogo, anapiga kelele kuelekea bustani ya jirani.

"Usimnyanyue! Mguu usiuguse! Mfunike! Muulize wapi panauma!"

Mzee akafumbua jicho. "Nani huyo anasema?"

"Ni gari, Mzee," nikamwambia. "Magari ya siku hizi yanaongea."

"Lina akili," akasema mzee, akafumba.

Nilipopiga simu ya dharura wakataka jina la mgonjwa na umri wake. Meno yanagongana kwa baridi, nimesahau hata jina langu. Nikamgeukia Domina, nikapaza sauti, "Jina lake la pili nani?" Akanyamaza. Nikarudia. Akapiga honi. Mpaka leo sijui honi ile ilikuwa jibu au nini. Mwisho mzee mwenyewe akalitaja, amelala hapo chini, herufi kwa herufi.

Nyonga ilivunjika. Wakamfanyia upasuaji, na bima ya safari ikalipa, Mungu aibariki. Lakini baada ya hospitali kuna kituo cha kufundishwa kutembea tena, na hicho kituo bima ikasema haikijui. Gwakisa aliisoma bei yake amesimama, akaomba kiti. Wakamrudisha mzee nyumbani na fremu ya chuma ya kutembelea na maneno ya daktari: atembee kila siku, hata kama anapiga kelele. Akikaa kitandani, hatatembea tena.

Mzee akasema yeye hatashushwa kwenye ndege mbele ya watu wa Tukuyu kama gunia la mbolea. Asipotembea, atafia kwenye chumba cha Abigail.

Kesho yake wakaniita jikoni. Domina alikuwa amevimba macho.

"Ameanguka akinikimbia mimi," akasema. "Akirudi kwao amebebwa, mimi Kyela sirudi. Nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa kwenye gari namtazama kwenye kioo?"

"Ulimtazama?" Gwakisa akauliza.

"Kidogo."

Wakaanza kupanga. Domina hawezi kuingia chumbani. Gwakisa anaweza kuingia lakini mtoto wa kiume haoni uchi wa baba yake, na mgonjwa lazima aoshwe. Isitoshe Gwakisa asipoendesha gari siku moja, siku hiyo inaonekana kwenye sahani. Domina kuacha kazi ndiyo kabisa, nyumba ingechukuliwa.

"Tuajiri mhudumu," akasema Gwakisa.

Domina akamtazama kwa huruma. "Unajua ajensi inamtoza Walter kiasi gani kwa ajili yangu? Mimi mwenyewe siwezi kujiajiri."

Halafu nikaona wote wawili wananitazama mimi.

Wakanipunguzia kodi ikawa nusu. Mimi nikakubali kwa moyo mmoja, maana mtu niliyewahi kupandisha piano ngazi za Columbia Heights peke yangu, na haikutoa hata sauti moja, mzee wa kilo sabini angenifanya nini?

Siku ya kwanza Domina alikaa kwenye korido kabla ya kwenda kazini, mlango umefungwa, ananielekeza kwa sauti ya kunong'ona ambayo ingesikika mpaka mji wa Frederick.

"Mfunge ule mkanda mpana kiunoni, ndiyo utamshikia hapo."

"Nimeufunga."

"Umekaza?"

"Umenikaza mpaka nashindwa kupumua."

"Method. Mkanda uko kiunoni mwa nani?"

Nikajitazama. Nikaufungua, nikamfunga mzee.

Mzee Festus alikuwa ananitazama muda wote huo. Nilipomwosha ndiyo akafungua mdomo.

"Kijana, umewahi kuosha mtu?"

"Hapana, Mzee. Nimeosha magari."

"Nimejua."

Lakini hakunifukuza. Akasema ni aibu Mhaya kumwona alivyo, ila kuanzia leo yeye na mimi ni watani, na mtani anaruhusiwa. Mimi sijui kama Wahaya na Wanyakyusa wana utani wa jadi. Mzee aliutangaza palepale kwenye beseni, na mimi sikuwa na mtu wa kumuuliza. Tangu hapo tukawa tunatukanana kwa raha zetu. Ananiambia Wahaya tunaoga kwa manukato tu. Namwambia yeye haogi kabisa, anaoshwa.

Shida ni kwamba tulipatana mno. Nikimsimamisha anapiga kelele, na mimi mzee akipiga kelele moyo wangu unakuwa uji. Namrudisha kitandani, namwekea mto, tunaangalia mieleka kwenye televisheni. Yeye anashangilia yule anayepigwa. Tunakula biskuti. Domina akipiga simu kutoka Rockville kuuliza, nasema tunaendelea vizuri, na kwa upande wa biskuti ilikuwa kweli kabisa.

Mguu wa mzee ukaanza kukonda. Mimi nilikuwa nauona kila nikimwosha, lakini nikamwambia ni taa.

Siku moja Domina alirudi, hakuvua hata koti. Akapanda ngazi akikohoa, akasimama nje ya mlango. Nilikuwa ndani na mzee. Ukuta wa nyumba hizi ni mwembamba kama keki ya harusi ya watu waliochanga kidogo. Kila neno linapita. Lakini hawaruhusiwi kusemeshana, kwa hiyo mimi nikawa simu.

"Method, muulize mgonjwa kama ametembea leo."

"Mzee, umetembea leo?"

"Mwambie nimetembea."

"Amesema ametembea."

"Mwambie jana nilikuwa chini mchana kutwa, sikusikia mguu hata mmoja."

"Amesema—"

"Nimesikia. Mwambie natembea kimyakimya."

"Mwambie nyumba hii hata paka wa jirani akitembea nasikia."

Mzee akanigeukia. "Huyu huwa anasema hivi kila siku?"

"Huwa anasema zaidi, Mzee."

Sauti ya Domina ikabadilika. Ikawa chini, haina utani.

"Method, muulize. Anataka kuingia Tukuyu kwa miguu yake, au kwa mabega ya watu? Maana kama ni kwa mabega, aniambie sasa, nianze kulia mapema."

Sikuweza kulisema hilo. Mzee alikuwa ameshalisikia. Televisheni ilikuwa imewaka, mtu mnene kamkalia mwenzake kichwani. Nikaizima.

"Muulize," akasema mzee polepole, "huyo mzungu wake. Anatembea?"

Domina akajibu kabla sijaunganisha simu. "Mwambie Walter ameshapita themanini. Nilimkuta kitandani, kageuka rangi. Sasa anakwenda mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi. Njia nzima ananitukana."

"Anamtukana na yeye anafanya nini?"

Domina akajibu, nami nikapeleka: "Anasema anamwambia, hatua moja tena."

Mzee akatikisa kichwa. Akafikiri. Halafu akauliza swali ambalo sikulielewa. "Huko kazini huwa anavaa nini?"

Nikamweleza. Nguo za kazi za bluu, kofia ya kitambaa, glavu, beji, na barakoa, kwa sababu kifua cha Walter ni kibovu.

"Barakoa inafunika mpaka wapi?"

"Yanabaki macho tu, Mzee. Na macho yenyewe yanakuwa yamechoka."

"Kwa hiyo huyo anayeingia kwa Walter ni mfanyakazi. Si mke wa mtu."

"Kwa Walter, ni mfanyakazi."

"Basi mwambie mimi namwajiri. Asubuhi, kabla hajakwenda kwa huyo mwingine."

Nje ya mlango Domina akasema, "Mwambie mimi pesa yake sipokei."

"Mwambie nani kasema pesa?" Mzee akanyoosha mkono, nikampa simu yake. Akampigia mdogo wake Tukuyu, ambako kulikuwa bado usiku wa manane, akamwamsha. Wakaongea Kinyakyusa kwa sauti ya watu wanaogombania shamba. Sikuelewa kitu, ila nilimsikia Domina nje ya mlango akivuta pumzi. Mzee alipokata simu akanitafsiria mimi, kwa Kiswahili kilichonyooka, uso umeelekea mlangoni.

"Nimetoa ng'ombe mtamba. Yule mweusi mwenye doa. Wamtenge leo. Ni mshahara wa nesi. Si wa mkwe, mkwe wangu hajaniomba kitu. Mwambie huyo nesi asichelewe kazini."

Gwakisa alipoambiwa alikaa kwenye ngazi. "Mtamba mweusi?" akauliza. "Mimi nimemwomba huyo mtamba tangu nilipooa."

Asubuhi Domina aliingia. Kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, barakoa imepanda mpaka chini ya macho, glavu, beji kifuani na lile jicho moja lililofumba. Mimi nilikuwa mlangoni. Mzee kaelekeza uso dirishani. Domina akamsalimu kwa Kiingereza, sauti ya kazini, ileile anayomsalimia Walter. Mzee akaitikia kwa Kiingereza cha shule ya misheni, kilichonyooka kama rula.

Sheria ya ajensi yao inasema kabla hujamgusa mgonjwa muulize jina lake. Domina akamuuliza. Mzee akalitaja lote, la ubatizo na la ukoo. Domina akaitikia kwa kichwa, akamfunga mkanda kiunoni, akaukaza.

Sitasema alifanya nini ambacho mimi sikufanya. Mkanda uleule, fremu ileile. Alichokosa ni huruma. Mzee alipiga kelele. Domina akasema kwa Kiingereza, hatua moja tena. Mzee akamwita Yesu. Hatua moja tena. Mzee akaniita mimi. Nikafanya kama nafunga kamba za viatu, na nilikuwa na makubazi. Wakafika dirishani, wakarudi. Jasho linamtoka mzee kama mtu anayelima.

"Method," akasema akihema, "mwambie huyu nesi mkono wake ni mzito kama wa askari."

"Mwambie asante," akasema Domina, akamgeuza tena kuelekea dirishani.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Anavaa, anaingia, wanagombana kwa Kiingereza, anatoka, anashuka, anavua barakoa, anakunywa chai amesimama, anakwenda Rockville kuanza upya na Walter. Mimi nikabaki na kuosha na kutukanana. Jioni akirudi ni mkwe tena, sheria za barabarani zinaendelea, anakohoa kwenye ngazi kama kawaida. Mara moja Gwakisa alisahau, akamwambia mke wake apeleke supu juu mwenyewe, si wameshazoeana. Domina alimtazama kwa namna ambayo mimi nilichukua ile supu nikapanda nayo bila kuambiwa.

Mguu ukarudi kuwa mguu. Kwanza mpaka dirishani, halafu mpaka chooni, halafu korido yote. Mzee akaanza kudai mimi ndiye ninayemchelewesha.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, Domina alikuwa jikoni kajifunga kitenge anapika kuku, mimi namsaidia kuonja. Gwakisa alikuwa kazini. Mara tukasikia tenzi. Si juu. Kwenye ngazi.

Domina aliangalia huku na huku. Mlango wa nje uko upande wa sebuleni, besimenti mlango wake uko hukohuko. Akajipenyeza kati ya friji na ukuta, na mwiko mkononi.

Mzee Festus akatokea sebuleni. Amevaa suti ya kahawia na tai. Mkono mmoja umeshika ukuta, fremu kaiacha juu. Akasimama hapo, anapumua, anajitazama miguu kama mtu aliyeletewa viatu vipya.

"Kuna mtu jikoni?" akauliza.

"Niko mimi peke yangu, Mzee."

"Kuku ananukia vizuri kwa mtu uliye peke yako."

"Mimi ni hodari wa mambo mengi, Mzee."

"Wewe hodari wa biskuti." Akajishusha kwenye kochi, taratibu, mwenyewe, bila kusaidiwa. "Nataka chai. Na mwambie Gwakisa akirudi aniangalizie tiketi. Nataka kwenda kumwona mtamba wa watu kabla hawajamchanganya na wangu."

Nikaenda jikoni. Domina alikuwa amebanwa hapo na ufagio, machozi yanamtiririka, mchuzi wa mwiko unamdondokea kwenye kitenge, na hata hakuwa ameona.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "sasa unajificha nini? Asubuhi si ulikuwa unamvuta mkanda chumba kizima?"

Akajifuta uso kwa nyuma ya kiganja.

"Asubuhi nilikuwa kazini," akasema. "Mpelekee chai. Sukari kidogo."